Tamko Kuhusu Mipangilio ya Saa za Ziada Katika Mifumo ya Mahudhurio

Tamko hili linatolewa na chama chetu cha maofisa rasilimali watu na watayarishaji wa mishahara. Tunazungumza na waajiri, wauzaji wa mifumo ya mahudhurio na wafanyakazi wa Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira, Na. 11 ya 2005, na hesabu za huko hazimo humu.

Katika sehemu nyingi za kazi daftari la mahudhurio limeondoka mlangoni, na mahali pake pamewekwa mashine ya alama za vidole, kadi au simu. Mfanyakazi anagusa, mashine inapeleka muda kwenye programu, programu inatenganisha saa za kawaida na saa za ziada, na mwisho wa mwezi orodha ya mishahara inatoka. Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Daftari lilikuwa na visa vyake: rafiki aliyemsainia rafiki, ukurasa uliochanika, muda wa kutoka ulioandikwa asubuhi. Tunachokitolea tamko ni ukurasa mmoja wa mipangilio ambao fundi huujaza siku ya kusimika mfumo, mara nyingi peke yake na kwa haraka, na ambao baada ya siku hiyo haufunguliwi tena. Ukurasa huo ndio unaoamua wiki inaanza siku gani, saa ya ngapi inageuka ovataimu, na saa moja ya mfanyakazi ina thamani gani. Anayeujaza anapanga mishahara ya watu, hata kama yeye anadhani anasimika kompyuta.

Msimamo wetu ni kwamba mipangilio ya saa za ziada ni sehemu ya masharti ya kazi. Iamuliwe na mwajiri kwa maandishi, ilingane na sheria, na mfanyakazi aonyeshwe. Jibu la "mfumo ndivyo ulivyohesabu" chama hakilitambui.

Kipimo cha sheria

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 imeweka vipimo ambavyo programu yoyote inaweza kufundishwa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku, wala siku 6 kwa wiki. Kinachozidi hapo ni saa za ziada, na kifungu cha 19 kinataka zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hazifanywi bila makubaliano, na hazipaswi kuvuka 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kwa siku moja mtu hafanyi kazi zaidi ya saa 12. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, inaongezwa asilimia 5, na ikiwa saa hizo za usiku ni za ziada, asilimia 5 hiyo inahesabiwa juu ya kiwango cha ovataimu. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki na ya sikukuu inalipwa mara mbili.

Wapo ambao vipimo hivi haviwagusi, na tutawarudia. Lakini kwa mfanyakazi wa kawaida hesabu ndiyo hiyo. Haina fumbo. Fumbo linaletwa na mipangilio.

Mfumo uliotoka nje

Programu nyingi zinazouzwa hapa zimetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, na zinafika zikiwa na mazoea ya huko. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 inapima wiki tu: baada ya saa 40 ovataimu inaanza, na kipimo cha siku hakimo katika sheria hiyo ya taifa. Programu yenye mazoea hayo haimuulizi fundi kuhusu saa 9 za siku, kwa sababu kwao swali hilo halipo. Kisha kuna kampuni zenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam, ambako mipangilio ya Kenya hunakiliwa kama ilivyo. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaruhusu wiki ya saa 52. Ikivuka mpaka wa Namanga bila kuguswa, mfanyakazi wa Arusha anapoteza saa 7 za ovataimu kila wiki anayofikisha saa hizo 52, na kwenye skrini kila kitu kinaonekana kiko sawa.

Thamani ya saa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Jedwali la Kwanza la sheria yetu linasema: ili kupata mshahara wa saa moja kutoka mshahara wa mwezi, gawanya mshahara wa msingi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa anayefanya saa 45, kigawanyo ni 194.985, karibu 195. Tuchukue mshahara wa msingi wa Sh. 390,000. Saa moja ni Sh. 2,000, ya ziada Sh. 3,000, ya siku ya mapumziko au sikukuu Sh. 4,000. Sasa fundi akiweka siku 30 mara saa 8, kigawanyo kinakuwa 240. Saa moja inashuka hadi Sh. 1,625 na ovataimu inakuwa Sh. 2,437.50. Tofauti ni Sh. 562.50 kwa kila saa, na kwa aliyefanya saa 40 za ziada ndani ya mwezi ni Sh. 22,500. Akinakili 225 ya Kenya, saa moja inakuwa Sh. 1,733. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Namba moja tu imeandikwa kwenye kisanduku, na itakaa hapo miaka.

Wiki inayokatwa vipande

Kwa uzoefu wetu kosa hili ndilo gumu kulikamata kuliko yote, kwa hiyo tunalieleza kwa kirefu.

Mshahara wetu ni wa mwezi, lakini ovataimu inapimwa kwa wiki, na mwezi hauheshimu wiki. Chukua fundi cherehani wa kiwandani anayefanya saa 9 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumla ni saa 54. Hakuna siku iliyovuka saa 9, kwa hiyo kipimo cha siku hakitoi kitu. Kipimo cha wiki kinatoa saa 9 za ziada, ambazo kwa mshahara wa mfano wetu ni Sh. 27,000. Sasa mwezi uishe Jumatano. Mfumo uliopangwa kufunga hesabu na mwezi unasoma saa 27 upande huu na kuanza upya Alhamisi, ambako unasoma saa nyingine 27. Pande zote mbili ziko chini ya 45. Ovataimu ni sifuri. Mfanyakazi alikuwepo siku zote sita, mashine ina alama zake zote, na Sh. 27,000 hazimo popote.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaofunga orodha tarehe 20 au 25. Dawa yake ni mpangilio unaoendeleza hesabu ya wiki hadi iishe, kisha unalipa saa za ziada katika mwezi ambao wiki hiyo imeishia. Programu nyingi zinaweza kufanya hivyo. Inabidi mtu aombe.

Na wiki yenyewe inaanza lini? Sheria inaipima kwa siku saba kuanzia siku ambayo mfanyakazi kwa kawaida huanza wiki yake ya kazi. Kwa karani wa ofisini ni Jumatatu. Kwa mhudumu wa hoteli anayepumzika Jumanne, ni Jumatano. Mfumo uliokuja na Jumapili kama siku ya kwanza kwa kila mtu utamkata mhudumu huyo katikati, na siku yake ya mapumziko itasomwa kama siku ya kawaida. Akiitwa kazini Jumanne, anastahili mara mbili. Mfumo utampa kiwango cha kila siku.

Siku nayo ni hivyo hivyo. Kwa kupima saa za kazi, siku ni saa 24 tangu muda ambao mtu kwa kawaida huanza kazi. Haianzi saa 6 usiku. Anayeingia zamu saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi amefanya siku moja ya kazi. Mfumo unaogawa kila kitu saa 6 usiku unampa saa 6 tarehe hii na saa 6 tarehe ile, na kwa tarehe ya kwanza na ya mwisho ya mzunguko wake hauoni ovataimu yoyote. Tunaongeza jambo dogo ambalo wahusika wanalijua: ratiba iliyobandikwa ukutani imeandikwa kwa saa zetu, mfumo unasoma 18:00 na 06:00, na karani anayehamisha moja kwenda nyingine usiku wa manane hukosea. Ratiba na mfumo viandikwe kwa saa za aina moja. Aina ipi, mkubaliane.

Siku na wiki pamoja

Vipimo viwili vinafanya kazi kwa pamoja, na hapa tunasema na pande zote mbili. Mtu aliyefanya saa 11 Jumatatu, 9 Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kisha akaruhusiwa mapema Ijumaa baada ya saa 7, amefikisha 45 kamili. Mfumo wa wiki tupu unasema hana ovataimu. Anayo, saa 2 za Jumatatu, kwa sababu zilivuka saa 9 za siku. Kumruhusu mapema Ijumaa hakuzifuti.

Angefanya saa 9 na Ijumaa pia, jumla ingekuwa 47. Kipimo cha siku kinatoa saa 2, cha wiki kinatoa saa 2, lakini ni saa zile zile. Mfumo usiozitambua unalipa 4, na mwajiri anapunjwa. Wanachama wetu wamekwisha kutana na makosa ya namna hii, na tunayataja ili isidhaniwe kwamba tamko hili ni la upande mmoja. Hesabu sahihi inamlinda hata anayelipa.

Visanduku vinavyomeza saa

Ipo mipangilio minne ambayo chama kinaitazama kwa mashaka zaidi.

Mmoja ni ukomo. Kwa kuwa sheria inasema saa 50 katika wiki nne, baadhi ya mifumo imepangwa kutohesabu saa ya 51. Huku ni kuigeuza sheria kichwa chini. Ukomo umewekwa ili kumzuia mwajiri asimtumikishe mtu kupita kiasi. Haukuwekwa ili kazi iliyokwisha kufanyika isilipwe. Mfumo ukifika saa 45 za ziada utoe onyo kwa msimamizi. Ukifika 50 upige kelele. Saa zote zilizofanyika zilipwe.

Mwingine ni idhini. Saa za ziada zinasubiri msimamizi abonyeze kitufe, asipobonyeza hadi siku ya kufunga orodha, zinafutika. Sheria inamzungumzia mwajiri anayemtaka au anayemruhusu mfanyakazi kufanya kazi zaidi ya muda. Msimamizi anayempita mtu mezani saa 1 usiku, anamsalimu na kuondoka, ameruhusu. Kama hataki ovataimu, amwambie aende nyumbani. Kazi akiipokea kesho yake asubuhi, asiikatae saa iliyoifanya.

Kuna mapumziko yanayokatwa yenyewe. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipa, isipokuwa mfanyakazi akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo. Mfumo unakata saa moja kwa kila mtu kila siku. Mlinzi aliye peke yake getini anakula ugali wake huku jicho liko barabarani, gari likija anaacha sahani na kufungua. Saa hiyo ni ya kazi. Muuguzi wa zamu naye ni hivyo. Kwa nafasi za namna hii kisanduku cha kukata kizimwe.

Wa mwisho ni dakika kusogezwa. Aliyefika saa 1:58 asubuhi anaandikiwa saa 2:00, aliyetoka saa 11:14 jioni anaandikiwa saa 11:00. Ni dakika 16. Kwa siku 26 za mwezi zinafika 416, yaani saa 6 na dakika 56. Mashine inajua hadi sekunde. Hatuoni sababu ya kuisahaulisha, na kama ni lazima kusogeza, kusogezwe pande zote mbili kwa kanuni moja.

Walinzi, na wanaoitwa mameneja

Zamu ya saa 12 kwa siku 6 ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27 za ziada kwa wiki, na kwa wiki nne ni 108. Ukomo ni 50. Hakuna mpangilio wa programu unaoweza kuihalalisha ratiba hiyo, na mtayarishaji wa mishahara asiombwe kuificha. Ipo njia ndani ya sheria: kwa makubaliano ya maandishi, mtu anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, mapumziko yakiwemo, bila ovataimu, ilimradi zisizidi siku 5 kwa wiki, saa 45 za kawaida na saa 10 za ziada. Ipo pia njia ya kutafuta wastani wa saa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, lakini hiyo inahitaji mkataba wa hali bora. Kuweka alama kwenye kisanduku cha "wastani" bila mkataba huo ni kujitungia sheria.

Tunajua waajiri watasema gharama haibebeki. Hoja hiyo ni ya haki na ina mahali pake, penye bei ya zabuni na idadi ya walinzi. Mipangilio ya mfumo si mahali pake.

Tulisema wapo ambao vipimo haviwagusi. Hao ni wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Masharti hayo ni mawili, na yote yawepo. Kumwita mtu "msimamizi wa zamu", kumwongezea beji, kisha kuondoa alama ya ovataimu kwenye jina lake, hakumtoi kwenye sheria ikiwa anaripoti kwa msimamizi mwingine wa ghala. Katika kila mfumo tunaoukagua, orodha ya wasiostahili saa za ziada ndiyo ya kufunguliwa kwanza.

Tunachotaka

Mwajiri aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaotaja siku wiki inapoanza kwa kila kundi, saa siku inapoanza, kigawanyo cha mshahara wa saa, viwango vya ovataimu, usiku, mapumziko na sikukuu, na namna mapumziko ya mchana yanavyokatwa. Ausaini yeye, asimwachie fundi. Ubandikwe pale mashine ilipo. Tawi la chama cha wafanyakazi, kama lipo, lipewe nakala kabla mfumo haujaanza.

Muuzaji wa mfumo atoe kumbukumbu ya mabadiliko isiyofutika, inayoonyesha nani alibadilisha nini, tarehe gani. Mabadiliko yaanze na wiki mpya, yasirudi nyuma kugusa saa zilizokwisha kufanyika. Naye mwenye kununua asilipe malipo ya mwisho kabla ya kuupima mfumo kwa wiki za mfano: ile ya saa 54 inayokatwa na mwezi, ile ya 11 na 7, ile ya 47, na zamu moja ya usiku inayoingia siku ya mapumziko. Zihesabiwe kwa kalamu kwanza. Mfumo ukitoa jibu tofauti, unarudishwa kwa fundi.

Hati ya mshahara ionyeshe saa, si fedha peke yake. Sheria inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi, na mstari mmoja unaosema "Ovataimu 81,000" haumwelezi mtu kitu. Aone saa za kawaida, za ziada, za usiku, za sikukuu, na kiwango cha kila moja. Kumbukumbu za mahudhurio ni taarifa zake binafsi pia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa haki ya kuzifikia. Ofisi inayomjibu kwamba "hizo ni siri za kampuni" inamnyima kilicho chake.

Kwa wanachama wetu: usitayarishe orodha ya mishahara kwa mipangilio usiyoiona. Ukigundua kasoro, iandike kwa barua kwa mkuu wako na ubaki na nakala. Ukiagizwa kufuta saa zilizofanyika, kataa, na chama kitasimama nawe.

Kwa mfanyakazi: andika mwenyewe muda wa kuingia na kutoka, kila siku, hata nyuma ya kalenda. Mwisho wa mwezi linganisha na hati yako, na zisipolingana uliza kwa maandishi. Usipojibiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya namna hii ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Usingoje mwaka uishe ndipo uanze kuuliza.